Kusafiri nje ya nchi kupiga picha vichwa vya treni vya migodini na viwandani: jibu kwa msomaji

Msomaji ameuliza: "Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga picha za treni za abiria na za mizigo kwenye njia kuu. Sasa nimeweka akiba ya kutosha safari moja ya wiki mbili nje ya nchi, na shauku yangu ni vichwa vya treni vya viwandani na migodini, hasa vile adimu, viwe vya mvuke au vya aina nyingine. Nianzie wapi, kibali napataje, na nitajuaje kwamba nikifika nitakikuta kichwa kinafanya kazi badala ya kukikuta kimelala bandani?"

Ndugu msomaji, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Treni ya njia kuu ina ratiba. Ukiikosa ya asubuhi, utaipata ya jioni. Kichwa cha treni cha kiwandani hakina ratiba ya namna hiyo. Ni chombo cha kazi kama winchi au pampu: huwashwa kazi inapokuwepo, huzimwa kazi inapokwisha, na siku mwenye kiwanda atakapoona kwamba lori au mkanda wa kusafirisha mzigo ni nafuu zaidi, kitauzwa kama chuma chakavu bila mtu wa nje kujulishwa. Ndiyo maana nawashauri wote wanaoanza wajifunze kwanza kazi inayofanyika mahali wanapotaka kwenda, yaani nini kinachimbwa au kusagwa, kwa miezi gani, kwa zamu zipi, na kwa nini mpaka leo mzigo huo unabebwa kwa reli. Aina ya injini, mwaka iliotengenezwa na idadi ya magurudumu yake ni mambo ya kusoma baadaye.

Chukua mfano wa miwa, kwa kuwa viwanda vya sukari ndivyo vilivyohifadhi injini nyingi ndogo kuliko kazi nyingine yoyote. Muwa uliokatwa hupoteza utamu kila saa inayopita, kwa hiyo wakati wa mavuno kiwanda husaga usiku na mchana, na nje ya msimu reli zake hukaa kimya kwa miezi. Katika kisiwa cha Java, Indonesia, ambako viwanda vingi vilijenga reli za geji (yaani upana kati ya reli mbili) ya milimita 700, msimu huanza kwa kawaida Mei au Juni na kumalizika Septemba au Oktoba. Ukifika Februari utaona injini zimefunguliwa vipande vipande karakanani. Jambo hilo lina mvuto wake, lakini silo ulilolipia nauli. Katika jimbo la Queensland, Australia, msimu huanza Juni na kuendelea hadi Novemba au Desemba, na mvua ikinyesha kwa wingi mashamba hayaingiliki, kwa hiyo treni husimama siku kadhaa hata katikati ya msimu. Huko Taiwan mambo ni kinyume: kiwanda cha Huwei, ambacho ndicho cha mwisho kisiwani humo kusafirisha miwa kwa reli, husaga katika majira ya baridi, takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na vichwa vyake vidogo vya dizeli huvuta miwa kwenye reli ya milimita 762.

Ukiyajua hayo utaelewa pia kwa nini treni zimepungua, na utaacha kushangazwa na habari za kufungwa. Mwaka 2002 serikali ya Cuba iliamua kufunga viwanda vya sukari 71 kati ya 156, na kwa uamuzi huo mmoja injini nyingi za mvuke zilizotengenezwa Marekani, nyingi zikiwa za kampuni ya Baldwin, zilikosa kazi. Zilizobaki leo ni za makumbusho na za kubeba watalii. Huko Tocopilla, kaskazini mwa Chile, vichwa vya umeme vya zamani vilivyotengenezwa na General Electric viliendelea kushusha nitrati kutoka jangwani hadi pwani mpaka Agosti 2015, mafuriko yalipoharibu njia katika eneo ambalo karibu halijui mvua. Njia haikufunguliwa tena. Waliopanga kwenda mwaka uliofuata hawakupata nafasi. Nakuambia haya ili ukiona mahali pana treni sasa, na uwezo wa kwenda unao, usiahirishe.

Sasa nianzie wapi, umeuliza. Kama moyo wako uko kwenye mvuke unaofanya kazi ya kweli, ningekuelekeza kwanza kwenye migodi ya makaa ya mawe karibu na mji wa Tuzla, Bosnia na Herzegovina. Huko, hata baada ya mwaka 2020, injini za mvuke zimeendelea kusukuma mabehewa ya makaa katika migodi ya eneo la Kreka, na zilizo maarufu zaidi ni zile zinazoitwa aina ya 33. Asili yake ni injini ya Kijerumani aina ya 52, yenye magurudumu kumi ya kuvuta na mawili madogo mbele, ambayo kuanzia mwaka 1942 ilijengwa kwa maelfu, zaidi ya 6,000, kwa ajili ya vita. Ilirahisishwa kwa makusudi: kila kipande kilichoweza kuachwa kiliachwa, kwa sababu haikutarajiwa kuishi miaka mingi. Kwamba baadhi yake bado zinawashwa moto asubuhi kwa kazi ya makaa, miaka themanini baadaye, ni jambo ambalo kila mara hunifanya nisimame kimya kidogo kabla ya kuinua kamera. Si mbali na hapo, Banovići, kuna mgodi wenye reli ya geji ya milimita 760 ambayo nayo ina historia ndefu ya injini za mvuke, na sehemu hizo mbili zinaweza kufikiwa bila kubadili hoteli.

Napendekeza mahali hapo kwa sababu tatu. Umbali kati ya kituo kimoja na kingine ni mdogo, watu wa migodini wamewazoea wageni wenye kamera, na ukikosa injini upande mmoja unaweza kujaribu upande mwingine siku hiyohiyo. Hata hivyo usitarajie treni nyingi. Kwa kawaida injini moja huwa motoni, na ya pili hukaa akiba au hufanyiwa matengenezo. Boila ikihitaji kuoshwa, au kichwa cha dizeli kikipewa zamu, siku yako itapita bila moshi. Kwa wiki mbili ulizo nazo, tenga siku zisizopungua nane kwa eneo hilo moja. Wanaoanza hufanya kosa la kupanga nchi tatu kwa siku kumi na nne, wakaishia kuona malango matatu yaliyofungwa.

Kama hujali mvuke, au kama unataka safari isiyo na mlolongo mrefu wa vibali, basi Queensland ni chaguo ambalo wapiga picha wengi hulidharau bila sababu. Kuna takribani kilomita 4,000 za reli za miwa za geji ya milimita 610, na sehemu kubwa yake hupita kando ya barabara za umma au kuzikatiza. Vichwa vya dizeli vya huko vina sura isiyopatikana kwingine, kwani baadhi ni vya zamani vilivyojengwa kwa ajili ya miwa tu, na vingine ni vya reli kuu vilivyopunguzwa na kuwekewa magurudumu ya geji nyembamba. Ukiwa umesimama barabarani, mahali ambapo sheria inakuruhusu kusimama, unaweza kupiga picha treni ndefu ya vibehewa vya miwa jua likizama, na usihitaji kumwandikia mtu yeyote barua. Mashamba yenyewe, hata hivyo, ni mali ya wenyewe, usivuke ua.

Kuna chaguo la tatu ambalo thamani yake itaonekana zaidi miaka ijayo. Katika migodi ya wazi ya makaa ya kahawia mashariki mwa Ujerumani, eneo la Lausitz, vichwa vya umeme aina ya EL 2 vyenye uzito wa tani 100, vilivyotengenezwa Hennigsdorf enzi za Ujerumani Mashariki, vimekuwa vikivuta makaa kutoka mashimoni hadi kwenye mitambo ya kufua umeme. Vina pantografu, yaani mikono ya kupokea umeme kutoka kwenye waya, za ubavuni pamoja na za juu, kwa sababu mahali ambapo mashine hupakia mabehewa kutoka juu, waya wa umeme lazima uwekwe kando ili usipigwe. Sheria ya mwaka 2020 imeweka mwisho wa umeme wa makaa nchini humo kuwa mwaka 2038 kwa kuchelewa kabisa. Kwa maneno mengine, siku ya mwisho ya kazi hiyo imeshaandikwa, na bado wapiga picha wengi hupita hapo wakielekea kwenye mvuke wa maonyesho. Madaraja ya barabara za umma yanayopita juu ya reli hizo hutoa picha nzuri bila kuingia ndani.

Utasikia pia sifa za Sandaoling, karibu na Hami katika Xinjiang, China, ambako kwa miaka mingi injini za mvuke aina ya JS zilipanda kutoka shimoni usiku wa baridi kali zikirusha cheche angani. Picha zilizotoka huko ni miongoni mwa bora kabisa katika fani hii. Lakini kadiri makaa ya shimo hilo yalivyopungua, ndivyo treni zilivyopungua, na mazingira ya mgeni kutembea na kamera kubwa katika eneo hilo ni magumu kuliko yalivyokuwa. Sheria ya China ya kupambana na ujasusi ilipanuliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2023, na hilo pekee linatosha kunifanya nisimpeleke huko mtu anayesafiri kwa mara ya kwanza. Nikupe pia fundisho dogo kutoka huko: China nzima hutumia saa ya Beijing, kwa hiyo Hami mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa 3 asubuhi. Niliwahi kusafiri na mwenzangu aliyeweka kengele ya saa 11 alfajiri kama alivyozoea, akasimama gizani kwenye baridi zaidi ya saa nne. Kabla ya kupanga siku yako, tafuta saa za macheo na machweo za mahali penyewe.

Nije kwenye vibali. Kuna ruhusa tatu tofauti, na kuwa na moja si kuwa na nyingine. Ya kwanza ni ya nchi: viza inayolingana na shughuli yako, na sheria za nchi hiyo kuhusu kupiga picha reli, madaraja, bandari, mipaka na maeneo ya jeshi. Ya pili ni ya mwenye mali, yaani mgodi au kiwanda. Ya tatu ni ya mtu unayemwelekezea lenzi. Wengi hushughulikia ya pili pekee. Uzito wa ile ya kwanza ulionekana Novemba 2001, pale wapenzi 14 wa ndege, 12 kutoka Uingereza na 2 kutoka Uholanzi, walipokamatwa kusini mwa Ugiriki walipokuwa wakiandika namba za ndege karibu na kambi ya jeshi la anga. Walishtakiwa kwa ujasusi, wakatiwa hatiani Aprili 2002, na wakaja kuachiliwa na mahakama ya rufaa mwezi Novemba mwaka huo. Mwaka mzima wa maisha yao ulikwenda hivyo kwa ajili ya daftari la namba. Na sisi wapenzi wa treni tuna madaftari kama hayo. Kwa hiyo kama mgodi uko karibu na mpaka au kambi, uliza mapema kwenye ubalozi, na majibu yao yachapishe uende nayo.

Barua ya kuomba kuingia mgodini iwe ya ukurasa mmoja, katika lugha ya nchi husika, iliyosomwa na mtu ambaye lugha hiyo ni yake. Eleza wewe ni nani, unataka kuja tarehe zipi, utakuwa na nani, una vifaa gani, na kwamba picha si za biashara kama ndivyo ilivyo. Usiombe "kutembelea mgodi". Omba jambo dogo na wazi, kwa mfano kusimama kwa saa tatu kando ya sehemu ya kupakia mabehewa wakati wa zamu ya asubuhi, ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Ombi dogo hujibiwa na meneja mmoja, lakini ombi kubwa hupelekwa kwenye kikao, na kikao huahirishwa. Sema kwamba utakuja na kofia ngumu, viatu vya usalama na kizibao cha kuakisi mwanga, na kwamba uko tayari kutia saini hati ya kuwaondolea lawama ukiumia.

Jambo hili nililijifunza kwa gharama. Katika mgodi mmoja nilifika getini na barua nzuri kutoka makao makuu, yenye mhuri na saini mbili. Mlinzi aliisoma taratibu, akaigeuza nyuma, akanirudishia kwa heshima. Barua iliniruhusu kuingia mgodini, lakini reli ilikuwa chini ya idara nyingine yenye mkuu wake, na geti lile lilikuwa la reli. Mkuu huyo alikuwa likizo. Nilikaa siku mbili kwenye benchi la mbao mbele ya kibanda cha mlinzi, nikisikia honi ya injini nyuma ya ukuta bila kuiona. Siku hizi huwa nauliza swali moja la ziada katika barua ya pili: geti gani, na nani kati ya walinzi atakuwa na nakala. Naomba pia jina la cheo, si la mtu, kwa sababu mtu huhama lakini cheo hubaki.

Kama barua zinakuchosha, kuna vikundi na waongozaji wanaokodi treni maalumu kwa ajili ya wapiga picha. Injini huwashwa, mabehewa hufungwa, na treni hurudi nyuma na kupita tena mara tano mahali palepale. Sioni ubaya wowote katika hilo, na mara nyingi fedha hizo ndizo zinazoifanya injini iendelee kuwa hai. Katika bonde la Vaser, Romania, ambako reli ya msitu ya Vişeu de Sus yenye geji ya milimita 760 bado inateremsha magogo kwa vichwa vya dizeli, injini za mvuke zimedumu kwa sababu ya abiria watalii. Ninachosisitiza ni ukweli wa maelezo ya picha. Treni iliyokodiwa iandikwe kuwa imekodiwa, kwa sababu miaka hamsini ijayo mtu atatumia picha yako kujua kazi ilivyokuwa ikifanyika, na hatakuwa na namna ya kukuuliza.

Kuhusu usalama sitarefusha, isipokuwa kwa hatari moja ambayo mtu wa njia kuu haijui. Treni ya kiwandani mara nyingi husukumwa: mabehewa yako mbele, injini iko nyuma kabisa, na dereva hakuoni. Pengine mabehewa huachiwa yateremke yenyewe bila injini, na behewa tupu kwenye reli iliyonyooka halitoi sauti ya kukuamsha. Ukiwa umekaza jicho kwenye kamera, ukitazama injini inayokuja kutoka kulia, behewa linaweza kukujia kutoka kushoto. Kwa hiyo usisimame kati ya reli mbili hata kwa sekunde moja, usikae juu ya reli, na usivuke karibu na mwisho wa behewa lililosimama. Acha nafasi ya mita kadhaa. Katika migodi ya wazi uliza pia saa za kulipua miamba na sauti ya king'ora chake, na usikaribie ukingo wa shimo, kwa maana udongo wa ukingoni hukatika bila onyo. Penye waya wa umeme wa ubavuni, stendi ndefu ya kamera iache hotelini. Na kabla ya kulipa bima ya safari, soma kama inakulinda ukiwa ndani ya eneo la viwanda, kwani nyingi hazilindi.

Sasa picha zenyewe, ambako nina mengi ya kusema kuliko nafasi niliyo nayo. Injini za viwandani ni nyeusi, chafu na za polepole, na kila moja ya sifa hizo hubadilisha namna ya kufanya kazi. Kwa kuwa ni nyeusi, jua la mchana huzifanya zionekane kama shimo katikati ya picha. Subiri jua la chini, ambalo huingia kwenye magurudumu na kung'arisha mikono ya pistoni. Kwa kuwa ni za polepole, unaweza kuifuata kwa kamera kwa kasi ya shata ya 1/30 ya sekunde au chini ya hapo, mabehewa na nyumba za nyuma zikavutika kuwa mistari, na mtu aliye dirishani akabaki wazi. Mvuke mweupe huonekana vizuri kukiwa na baridi. Kukiwa na joto huyeyuka hewani kabla hujaubonyezea kitufe, na ndiyo sababu wapenzi wa mvuke huvumilia Januari. Unapotoka kwenye baridi na kuingia ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa mpaka ipate joto, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ndani ya lenzi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti. Ndegeni zikae kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja, na kuanzia hapo hadi 160 utahitaji ruhusa ya shirika la ndege.

Usiielekeze kamera kwenye injini peke yake. Nakumbuka alasiri moja katika uwanja wa kiwanda cha sukari mashariki mwa Java, injini ndogo ya mvuke ya kampuni ya Kijerumani ya Orenstein & Koppel ikisogeza vibehewa vya miwa. Haikuwa ikichoma makaa bali makapi ya miwa yaliyofungwa marobota. Makapi hayo huwaka kama karatasi, kwa hiyo mchochea moto hakuwa na muda wa kupumzika: alivuta robota, akalipiga na sakafu likapasuka, akalisukuma mlangoni kwa mguu, akashika lingine. Chini ya miguu yake palikuwa na zulia la nyuzinyuzi za rangi ya majani makavu. Kila injini ilipovuta pumzi, bomba lake lenye tumbo kama mtungi lilimwaga nyuzi zinazowaka, nyepesi, ambazo zilielea na kutua juu ya mkono wa koti langu zikiacha vitundu vidogo vya kahawia. Nilirudi na picha mia mbili za injini nzima kwa ubavu. Picha ninayoithamini ni moja tu, ya mguu wa yule mchochea moto, uliovaa kandambili, ukisukuma robota ndani ya mwanga wa tanuri. Injini ile unaweza kuiona makumbusho, lakini mguu ule hauwezi kuuona tena popote.

Hilo linanileta kwenye moshi. Utakutana na wageni wanaompa dereva fedha ili atoe moshi mweusi mzito. Naomba usifanye hivyo. Moshi mweusi ni makaa yasiyoungua vizuri. Dereva na mchochea moto hodari hujivunia bomba linalotoa moshi hafifu, na kumlipa mtu afanye kazi yake vibaya mbele ya wenzake ni kumvunjia heshima. Zaidi ya hayo, picha inayotokana nayo haionyeshi kazi ya siku ile. Ukitaka kuwashukuru, leta kitu wanachokihitaji au walipe kwa muda wao kupitia mtu anayewasimamia, usije ukamponza mfanyakazi mbele ya bosi wake.

Kama kuna injini ya aina ya ajabu ambayo ningependa uitafute, ni ile isiyo na moto. Hii ni tangi kubwa la chuma lililojazwa maji nusu na zaidi, na kila baada ya saa chache huunganishwa na bomba la mvuke wa kiwandani na kujazwa mvuke wa shinikizo kubwa. Mvuke unapotumika, shinikizo hupungua na maji yenye joto kali huchemka upya yenyewe, hivyo injini hutembea bila tanuri wala cheche. Ilifaa hasa katika viwanda vya kemikali, karatasi na baruti, mahali ambapo cheche moja ingeteketeza kila kitu. Karakana ya Meiningen huko Ujerumani ilijenga takribani 200 katika miaka ya 1980, na silinda zake ziko nyuma, chini ya chumba cha dereva. Haina moshi na haina kelele, kwa hiyo wapiga picha wengi huipita. Ipige asubuhi ya baridi, inapojazwa mvuke, wakati bomba linavuja na injini nzima inafunikwa na wingu jeupe.

Mwisho ni kumbukumbu. Kila injini ipige picha ya bamba lake la kiwandani, lakini usiliamini moja kwa moja. Karakana za migodini zimekuwa zikihamisha maboila na mabamba kutoka injini moja hadi nyingine kwa miongo, na namba ya kweli mara nyingi imegongwa kwenye mikono ya pistoni au kwenye fremu, chini ya tabaka za grisi. Omba ruhusa, ifute kwa kitambaa, iandike. Andika pia tarehe, zamu, mzigo, na jina la kazi iliyokuwa ikifanyika kwa maneno wanayotumia wenyewe. Ukirudi, chagua picha kumi, zichapishe kwenye karatasi nzuri na uzitume karakanani, si ofisini, ukiandika nyuma ya kila picha tarehe na namba ya injini, kwa sababu waliomo ndani ya picha ndio watakaokufungulia geti mara ya pili, na ndio watakaokuambia kwamba injini ya tatu, ile uliyoambiwa imekufa, inawashwa wiki ijayo.